Sheria Iliyoishi Kuliko Dola Iliyoitunga

Siku dola inapoondoka, huondoka na bendera yake, na askari wake, na wimbo wake. Sheria zake haziondoki zenyewe. Hubaki vitabuni zikingoja mtu wa kuzifuta, na mtu huyo asipotokea hushikwa na mkono mpya, na raia aliyepigwa kwazo jana hupigwa kwazo leo. Jambo hili ndilo tunalotaka kulieleza mbele ya wanachama wenzetu na wafanyakazi, na mfano wetu tunautoa mbali: katika jimbo moja la milimani ambalo Waingereza waliliita Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi, wakati walipokuwa wakitawala Bara Hindi.

Huenda msomaji akauliza: Jimbo hilo latuhusu nini sisi? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mtawala alikuwa yule yule, na mbinu alizozijaribu kule alizitumia na huku. Pili, watu wa jimbo hilo walifanya jambo ambalo wenye mizinga hawakulitazamia, kisha wakanyimwa matunda yake. Yafaa tujue walinyimwa vipi, na kwa muda gani.

NCHI NA WATU WAKE

Jimbo hilo lilikuwa kati ya Mto Indus na milima ya Afghanistan. Mji wake mkuu ni Peshawar, mji wa kale uliokaa karibu na mlango wa njia ya Khyber, ambayo tangu zamani za kale ndiyo njia ya majeshi na misafara iingiayo Bara Hindi kutoka Asia ya Kati. Wenyeji walio wengi ni Wapashtuni, ambao Waingereza waliwaita Wapathani. Lugha yao ni Kipashto, dini yao Uislamu, na mila yao yawataka wampe mgeni chakula, wampe mkimbizi hifadhi, na walipe kisasi. Mambo yao makubwa waliyakata katika baraza liitwalo jirga, ambamo wanaume huketi duara na kusema mpaka wakubaliane.

Nchi hiyo ilipita mikononi mwa wafalme wengi. Peshawar ilikuwa chini ya wafalme wa Afghanistan. Mwaka 1834 ikatwaliwa na Masingasinga wa Ranjit Singh. Na mwaka 1849 Waingereza walipowashinda Masingasinga na kuitwaa Punjab nzima, Peshawar na mabonde yake yakaingia pamoja nayo. Hapo ndipo Mwingereza alipojikuta ana mpaka ambao hakuujua aukomeshe wapi.

Kisa chake kilikuwa hofu. Aliogopa kwamba Urusi, iliyokuwa ikiteremka Asia ya Kati mwaka hata mwaka, ingekuja kumnyang'anya Bara Hindi, na Bara Hindi ndilo lililomtajirisha. Kwa hofu hiyo alikuwa amekwisha kuivamia Afghanistan mwaka 1839, na Januari 1842 jeshi lake lililokuwa likirudi kutoka Kabul, askari wapatao 4,500 na wafuasi wao wapatao 12,000, liliangamia karibu lote katika theluji na mabonde. Akaivamia tena mwaka 1878, na kwa mkataba wa Gandamak wa mwaka 1879 akapewa mamlaka juu ya njia ya Khyber.

MSTARI WA BWANA DURAND

Mwaka 1893 Serikali ya Bara Hindi ilimtuma Kabul Sir Mortimer Durand ili apatane na Amiri Abdur Rahman juu ya mpaka. Tarehe 12 Novemba mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi. Amiri alikubali kutoingilia upande wa pili wa mstari, na ruzuku aliyokuwa akipewa na Waingereza ikapandishwa kutoka rupia 1,200,000 kwa mwaka hadi rupia 1,800,000. Mstari huo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,500, ulipita katikati ya Wapashtuni. Palikuwa na kabila moja lililogawanywa pande mbili, na palikuwa na wafugaji ambao malisho yao ya kiangazi yalibaki upande huu na ya baridi yakabaki upande ule. Wenyewe hawakuulizwa.

Sisi wa Afrika hatuna haja ya kuelezwa mengi juu ya mistari ya namna hiyo. Mmasai aliyeamka akakuta nusu ya ukoo wake ni wa Mwingereza na nusu ni wa Mdachi, huyo angemwelewa Mpashtuni bila ya mkalimani.

Haikupita miaka minne, milima ikawaka. Mwaka 1897 makabila ya Swat, ya Tirah na ya Waziristan yaliinuka, moja baada ya jingine. Waingereza walipeleka makumi ya maelfu ya askari katika Tirah, wakachoma vijiji, wakabomoa minara na kuharibu akiba za nafaka majira ya baridi yakiwa yanaingia. Kijana mmoja aliyefuatana na jeshi la Malakand kama mwandishi wa magazeti aliitwa Winston Churchill, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1898, kilitokana na vita hiyo. Kwa hiyo yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza alijifunzia ukoloni wake juu ya paa za Wapashtuni zinazoungua.

Baada ya moto huo Makamu wa Mfalme katika Bara Hindi, Lord Curzon, aliamua kuitenga nchi ya mpakani na Punjab. Tarehe 9 Novemba 1901 likatangazwa jimbo jipya chini ya Kamishna Mkuu. Jimbo lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa wilaya tano za mabondeni, Hazara, Peshawar, Kohat, Bannu na Dera Ismail Khan, ambako watu walilima, walilipa kodi na walihesabiwa kuwa raia. Sehemu ya pili ilikuwa nchi ya makabila huko milimani, ambako kila eneo lilikuwa chini ya Wakala wa Siasa, mtu ambaye sisi tungemwita Bwana Shauri, lakini Bwana Shauri asiyekuwa na hakimu juu yake. Wazee aliowapenda aliwapa posho. Asiowapenda aliwanyima, na kama hawakukoma aliwaitia jeshi.

SAMAKI MMOJA AKIOZA

Katika mwaka ule ule wa 1901 ilitolewa upya sheria iliyokuwa ikitumika na kurekebishwa tangu miaka ya nyuma, Kanuni ya Makosa ya Jinai ya Mpakani. Twaomba msomaji aishike sheria hii, maana ndiyo mhusika mkuu wa habari yetu.

Sheria hiyo ilimpa Bwana Shauri uwezo wa kuiondoa kesi mahakamani na kuipeleka mbele ya baraza la wazee. Kwa maneno yalikuwa mambo ya mila, lakini wazee hao aliwachagua yeye mwenyewe, na uamuzi wao ulikuwa ushauri tu. Hukumu aliitoa yeye. Mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Hapakuwa na rufaa ya kwenda mahakama kuu. Kifungu cha 40 kilimruhusu Bwana Shauri kumtaka mtu adhamini mwenendo wake mwema, na mtu akishindwa au akikataa, afungwe hadi miaka mitatu. Wala haikuwa lazima awe amefanya kosa, ilitosha kudhaniwa kwamba angeweza kulifanya. Kifungu cha 21 kiliruhusu kabila zima likamatwe kwa kosa la mtu mmoja: watu wake watiwe ndani popote waonekanapo, ngamia na mali zao zitaifishwe, wafungiwe njia ya sokoni.

Wazee wetu husema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Waliyasema hayo kwa kuonya, ili kila mtu ailinde heshima ya wenzake. Mkoloni aliigeuza hekima ya namna hiyo kuwa kifungu cha sheria, akatia faini juu yake. Mtoto wa Kimahsud aliyekuwa akiuza kuni mjini aliweza kufungwa kwa sababu ya risasi iliyopigwa na mtu asiyemjua, katika bonde asilopata kulikanyaga.

Wala jambo hilo halikukaa kule peke yake. Katika Kenya ya wakoloni palikuwa na sheria ya mwaka 1902 ya kufunga wilaya za pembezoni, palikuwa na sheria ya mwaka 1909 ya kuwaadhibu watu kwa pamoja, na palikuwa na sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu, iliyotumika kwa watu wa kaskazini. Nchi yenyewe ya kaskazini iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Jina lilifanana, na kazi ilifanana. Tena watu wa mpakani waliletwa kupigana huku kwetu: tangu mwaka 1916, katika vita ya Mwingereza na Mdachi katika Tanganyika, walikuwako askari wa kikosi cha 129 cha Wabaluchi na wa kikosi cha 40 kilichoitwa cha Wapathani. Mtu aliyetawaliwa bila ya wakili alipewa bunduki aje amsaidie bwana wake kutawala wengine.

Waingereza walipotoa mabadiliko ya utawala katika Bara Hindi mwaka 1919, wakayaruhusu majimbo mengine kuwa na mabaraza na mawaziri wa kuchaguliwa, Jimbo la Mpakani waliliruka. Sababu waliyoitoa ni ya ulinzi. Jimbo halikuwekwa sawa na mengine na kupewa Gavana wake mpaka mwaka 1932, na kabla ya hapo damu ilikuwa imekwisha kumwagika.

WATUMISHI WA MUNGU

Katika kijiji cha Utmanzai, wilaya ya Peshawar, alizaliwa mwaka 1890 mtoto wa mwenye mashamba, jina lake Abdul Ghaffar. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, na Waingereza walimtaka katika jeshi lao, akakataa. Mwaka 1910 akafungua shule kijijini. Twasema shule, wala hatusemi chama, maana yeye aliona kwamba watu wake wanaliwa na mambo mawili, ujinga na visasi, na kwamba Mwingereza anaishi juu ya migongo ya mambo hayo mawili.

Mtawala alifahamu upesi kwamba shule ni hatari kuliko bunduki. Mwaka 1921 Ghaffar Khan alikamatwa, akahukumiwa miaka mitatu kwa kifungu kile kile cha 40, kwa kuwa hakutaka kuacha kufungua shule. Alipotoka mwaka 1924 aliendelea. Akaanzisha gazeti la Kipashto mwaka 1928, na mwaka 1929 akaunda umoja wa watu walioitwa Khudai Khidmatgar, maana yake Watumishi wa Mungu.

Kila aliyejiunga aliapa kwa Mungu kwamba hatapiga, hatalipa kisasi, atamsamehe aliyemdhulumu, na atafanya kazi ya mikono kila siku kwa ajili ya wengine. Walifagia vijiji, walisokota pamba, walifundisha, walipatanisha koo zilizokuwa zikiuana. Mashati yao yalikuwa meupe, lakini nguo nyeupe huchafuka upesi, na wengi walikuwa wakulima maskini wasio na nguo ya kubadili. Kwa hiyo wakayatia rangi ya bei rahisi, nyekundu ya matofali. Waingereza wakawaita Mashati Mekundu, na wakaanza kueneza maneno kwamba hao ni vibaraka wa Urusi.

Tulifikiri sana juu ya kiapo hicho. Watu hawa hawakuwa waoga. Kila nyumba ilikuwa na bunduki, na dunia nzima iliwajua kwa vita. Aliyekuwa na silaha akaiweka chini kwa hiari yake, huyo ana nguvu nyingine isiyopatikana dukani.

MTAA WA WASIMULIZI

Tarehe 23 Aprili 1930 Ghaffar Khan na viongozi wenzake walikamatwa. Watu wa Peshawar walimiminika katika Qissa Khwani, mtaa wa wasimulizi wa hadithi, ambako tangu zamani wasafiri walipumzika wakinywa chai na kubadilishana habari. Hawakuwa na silaha. Serikali ikaleta magari ya deraya, na askari wakaamriwa kupiga risasi. Watu hawakukimbia. Walioanguka waliondolewa, na wengine wakasogea mbele mahali pao. Serikali ilitoa hesabu ya makumi ya waliokufa. Hesabu za watu wenyewe zilipita mia, na wengine walitaja mamia. Maiti nyingi zilizikwa na jamaa zao bila kuandikwa popote, na hesabu ya kukubaliwa na wote haikupatikana.

Katika siku hizo lilitokea jambo jingine ambalo lilimtia Mwingereza baridi kuliko umati wenyewe. Platuni mbili za kikosi cha Garhwal, askari wa Kihindu kutoka milima ya mbali, zilikataa kuwapiga risasi Waislamu wasio na silaha. Kiongozi wao, Chandra Singh, alihukumiwa kifungo cha maisha, na wenzake wakapewa vifungo virefu. Yeye alifunguliwa mwaka 1941. Dola ile ilijengwa juu ya imani kwamba Mhindu atampiga Mwislamu na Mwislamu atampiga Mhindu wakati wowote atakapoamriwa. Siku ile imani hiyo ilipata ufa. Kwa siku kadhaa Serikali iliuacha mji wa Peshawar, na ilirudi tarehe 4 Mei ikiwa na jeshi.

Kabla ya siku ile Watumishi wa Mungu walihesabiwa kwa mamia. Kabla mwaka haujaisha walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Walichapwa, walivuliwa nguo hadharani, nafaka zao zilimwagwa. Na kiapo chao kwa jumla walikishika.

Huko milimani kwenyewe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1936 Fakiri wa Ipi, Mirza Ali Khan, aliongoza vita ya bunduki katika Waziristan. Waingereza walipeleka askari wapatao 40,000 na ndege za mabomu, na hawakumkamata. Alikufa mwaka 1960, ilhali wao walikuwa wamekwisha kuondoka zamani.

SERIKALI YA CHAMA NA WAKULIMA

Tangu mwaka 1931 Watumishi wa Mungu walishirikiana na chama cha Congress cha Bara Hindi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1937 ndugu yake Ghaffar Khan, Daktari Khan Sahib, akawa Waziri Mkuu wa Jimbo. Basi watu waliokuwa wakichapwa mwaka 1930 wakaingia ofisini. Serikali hiyo iliondoa baadhi ya heshima na vyeo ambavyo Waingereza waliwapa makabaila, na wadogo wakafurahi.

Lakini hatuwezi kuisimulia habari hii nusu. Katika mwaka 1938 wakulima wapangaji wa kijiji cha Ghalla Dher, karibu na Mardan, walimgomea mwenye ardhi aliyekuwa akiwafukuza na kuwatoza. Wengi wao walikuwa wanachama wa mashati mekundu. Walitazamia kwamba serikali yao itasimama upande wao. Serikali hiyo ikaleta polisi, ikawatia ndani wakulima. Viongozi walisema kwamba sheria ni sheria, na kwamba wakati wa mambo ya ardhi haujafika. Twaliandika jambo hili kwa makusudi, maana gazeti la chama lisilosema makosa ya vyama halimfai mwanachama. Chama kinachoomba damu ya mkulima wakati wa mapambano, kisha kikamwambia asubiri wakati wa matunda, hicho chajikata miguu chenyewe.

KURA YENYE NJIA MBILI

Katika uchaguzi wa mwaka 1946 chama cha Daktari Khan Sahib kilipata viti 30 katika 50. Mwaka uliofuata ilikatwa shauri huko Delhi kwamba Bara Hindi itagawanywa, na Jimbo la Mpakani lipige kura ya maoni. Swali lilikuwa na majibu mawili tu: Bara Hindi, au Pakistan. Watumishi wa Mungu walikutana Bannu mwezi Juni 1947 wakadai jibu la tatu, nchi ya Wapashtuni wenyewe. Waingereza walikataa. Viongozi wa Congress, ambao kwa miaka 16 walikuwa wenzao, walikuwa wamekwisha kuukubali mpango. Ghaffar Khan aliona ametupwa, na wafuasi wake wakaigomea kura.

Kura ilipigwa kuanzia tarehe 6 mpaka 17 Julai. Waliotaka Pakistan walikuwa 289,244, na waliotaka Bara Hindi 2,874. Walioandikishwa walikuwa 572,798. Kwa hiyo waliopiga kura walizidi nusu kwa kiasi kidogo sana. Si haki kusema kwamba wote hao walidanganywa. Wengi waliitaka Pakistan kwa moyo wao, hasa baada ya mauaji ya Wahindu na Waislamu yaliyokuwa yakienea mwaka ule. Lakini pia si haki kusema kwamba watu wa Jimbo waliulizwa wanataka nini. Waliulizwa wachague kati ya mambo mawili yaliyopangwa na wengine. Afghanistan nayo haikuridhika: tarehe 30 Septemba 1947, Pakistan ilipoingia Umoja wa Mataifa, ndiyo nchi peke yake iliyopiga kura ya kukataa.

BENDERA MPYA, SHERIA KUUKUU

Pakistan ilipata uhuru katikati ya Agosti 1947. Wiki moja baadaye, tarehe 22 Agosti, serikali ya Daktari Khan Sahib, iliyochaguliwa na watu, ilifukuzwa. Mwaka 1948 Ghaffar Khan akatiwa gerezani tena, na safari hii funguo zilikuwa mikononi mwa Waislamu wenzake. Tarehe 12 Agosti 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake waliokusanyika Babrra, Charsadda. Serikali ilitaja waliokufa wachache. Wafuasi walitaja mamia. Mwaka 1955 Jimbo lenyewe lilifutwa, likaunganishwa na mengine kuwa Pakistan ya Magharibi, na halikurudishwa mpaka mwaka 1970.

Na ile Kanuni ya mwaka 1901? Haikufutwa. Watawala wapya waliona kwamba ni chombo kizuri. Katika nchi ya makabila aliendelea kuwako Wakala wa Siasa, zikaendelea posho za wazee, kikaendelea kifungu cha kukamata kabila zima. Hata haki ya kupiga kura ilikuwa ya wazee walioandikwa tu. Mtu mzima wa kawaida wa huko milimani, mwanamume na mwanamke, alipiga kura ya Bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1997, nusu karne baada ya uhuru. Mwaka 2004, serikali ilipowataka Wawaziri wa Waziristan ya Kusini wawatoe wapiganaji wa kigeni waliokuwa kwao, ilifunga maduka na kukamata magari ya kabila, hatia na asiye na hatia pamoja.

Tangu majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalipoingia Afghanistan mwisho wa mwaka 1979, nchi hiyo ilijaa wakimbizi waliopita milioni tatu, na silaha za mataifa makubwa, na vita ya wengine. Watu wakashangaa kwa nini wapiganaji walipata maficho milimani. Mahali ambapo raia hana mahakama, hana diwani, hana wakili, wala hana chama, kwani vyama navyo vilikatazwa huko mpaka mwaka 2011, nani angemzuia mwenye bunduki kuwa ndiye serikali?

Ghaffar Khan alikufa Peshawar tarehe 20 Januari 1988, umri ukikaribia miaka mia. Alikuwa ameusia azikwe Jalalabad, ng'ambo ya mpaka. Maelfu ya waombolezaji waliifuata maiti yake kupitia Khyber, na vita ikasimama kwa muda ili apite. Mstari wa Bwana Durand aliuvuka akiwa jenezani.

Jimbo lilipewa jina jipya mwaka 2010, Khyber Pakhtunkhwa, ili jina la wenyeji lionekane katika ramani ya nchi yao. Mwezi Mei 2018 Bunge la Pakistan likapitisha mabadiliko ya 25 ya Katiba, nchi ya makabila ikaunganishwa na jimbo, na ile Kanuni ikaondolewa. Ilikuwa imetumika miaka 117. Katika hiyo, karibu miaka 71 ilitumika chini ya bendera ya uhuru. Julai 2019 watu wa huko walichagua wajumbe wao wa baraza la jimbo kwa mara ya kwanza.

LA KUJIFUNZA

Tusimcheke Mpakistani. Jirani zetu wa Kenya walipata uhuru Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha nchi ya kaskazini ikatiwa katika hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kila serikali iliyorithi kiti cha mkoloni imerithi na makabati yake, na ndani ya makabati mna mafaili, na ndani ya mafaili mna vifungu. Afisa mpya akipata taabu hufungua kabati. Hana nia mbaya siku ya kwanza. Ana haraka tu. Siku ya pili ameona kifungu kinafanya kazi. Siku ya tatu hawezi kutawala bila yake.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, wanachama na wafanyakazi wasihesabu uhuru kwa bendera. Wauhesabu kwa sheria, kifungu kwa kifungu: kipi kilitungwa ili kumlinda raia, na kipi kilitungwa ili raia alindwe asipate? Kazi hii si ya mawakili peke yao. Mjumbe wa tawi anaweza kuuliza katika mkutano, na mfanyakazi anaweza kuuliza katika chama chake, kwa nini mtu afungwe kwa kosa la mwenziwe, au kwa nini afisa mmoja akamate, ahukumu na afunge. Swali moja likiulizwa katika matawi yote huwa si swali tena, huwa ni amri.

Pili, tusiwapigie watu kura ya majibu yaliyochaguliwa nao hawapo. Kuwaita watu waamue, kisha kuwanyima jibu walitakalo, ni kuwafundisha kuacha kuja. Nusu iliyobaki nyumbani mwaka 1947 haikuwa imelala.

Tatu, watu wa mpakani ni watu. Huu ndio mzizi wa yote. Dola ile iliwaona Wapashtuni kuwa ukuta wa kuzuia Urusi. Waliofuata waliwaona kuwa ukuta wa kuzuia Afghanistan. Na wengine wakawaona kuwa njia ya kupitishia silaha. Karne nzima walitazamwa kama boma, na boma halipewi shule wala mahakama, hupewa askari. Palitokea mtu mmoja aliyewatazama kama wanafunzi na wakulima na wazazi, na katika muda wa miezi michache makumi ya maelfu wakaziweka silaha chini. Jambo hilo lilionekana, na liliandikwa, na waliolivunja wajulikana.

Kila nchi ina mpakani pake. Huenda ni wilaya iliyo mbali na reli, huenda ni mtaa wa vibanda nyuma ya kiwanda, huenda ni wafugaji wasiokaa pamoja. Humo ndimo uhuru hupimwa. Tuwatazame waliomo, tuwaulize ni sheria ipi inayowagusa kila siku, na ile isiyostahili kuwagusa watu huru tuitoe kabatini tuifute, tusingoje miaka 71.